Uyoga Nilioukata Mzizi

Juzi sokoni Tegeta binti mmoja alininyooshea kisanduku cha plastiki chenye uyoga wa kupandwa, mweupe, umepangwa ukaelekea upande mmoja kama wanafunzi mstarini. "Chukua dada, umeshasafishwa huu, hauna hata chembe ya mchanga." Nikajikuta nimekigeuza kisanduku chini juu, natafuta mzizi. Binti akacheka mpaka akashika meza. "Dada, mbona unakagua uyoga kama mtu anayenunua mbuzi?"

Nilinunua, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nasikia aibu ya miaka kumi na sita iliyopita kana kwamba nimeifanya asubuhi ile.

Nikwambie mapema tu, wewe unayesoma: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafanya kazi kwenye duka la stationari, nachapa barua na CV za watu, na barua ya mtu mmoja naweza kuichapa mara tano kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi kati ya maneno. Habari za uyoga sikuzisomea popote. Nimejifundisha mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo na madaftari ambayo nimeyachana na kuyaanza upya. Hata haya ninayokuandikia nimeyafuta siku tatu mfululizo. Leo nimeapa sifuti. Nayamaliza.

Tulikaa Madale, wakati ule ambao ukisema unakaa Madale mtu anakuuliza kama huko kuna umeme. Haukuwepo. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali yasiyopigwa plasta, imekaa mgongoni mwa kilima. Chini yake bonde la mihogo, juu yake pori la miti ya asili ambalo wachoma mkaa walikuwa wanalipunguza kidogo kidogo kama mtu anayekula mkate kwa kuumega pembeni. Asubuhi kulikuwa na harufu ya moshi wa tanuri na udongo mwekundu uliolowa. Jioni adhana ilipanda kutoka bondeni ikachanganyika na milio ya vinu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa inatwanga kitu.

Mama aliondoka alfajiri kwenda kazini Kawe na kurudi jua limezama, kwa hiyo aliyenilea hasa ni bibi, mama yake mama. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji na kufagia uwanja. Nilikuwa nafagia kwa mistari, mistari iliyonyooka, na kuku akipita juu yake naanza upya. Bibi alikuwa akisikia ule ufagio unarudi mara ya tatu ananiambia kutoka jikoni, "Mjukuu wangu, huo ni uwanja, si kanga ya harusi."

Bibi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliona mwanga, aliona mtu akipita, lakini vitu vidogo alivisoma kwa vidole. Mchele aliuchambua kwa vidole. Dagaa walioharibika aliwajua kwa vidole. Nilikuwa na miaka kumi na sikulitilia maanani jambo hilo, na ndilo lililokuja kunigharimu.

Jirani yetu wa bondeni alikuwa mama wa Kizaramo, mwenyeji wa pale tangu kwa babu zake, mwenye shamba la mihogo na sauti ya kuita watu walio kilima cha pili. Sisi nyumba nzima tulimwita Mtani. Unajua mwenyewe, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi waliotoka bara kwa miguu mpaka pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele za wageni, anaweza kuingia kwako akachukua kitu akaondoka nacho, na ukikasirika aibu ni yako. Mtani aliitumia ruhusa hiyo mpaka mwisho. Alikuwa akimkuta bibi anapika uyoga anaziba pua. "Nyie watu wa bara hamna hata soni! Miavuli ya vyura mnaitia karanga!" Bibi anamjibu, "Bora mwavuli wa chura kuliko kukaa pwani miaka mia na hujui kuogelea." Wanacheka wote wawili, mmoja jikoni, mmoja mlangoni.

Sasa nikueleze uyoga wenyewe, maana ndio kiini cha maneno yangu. Bibi aliuita uyoga wa kichuguu, ingawa vichuguu vilikuwa vingi na uyoga ule ulikuwa adimu mno. Kichuguu kimoja kilitoa mwaka huu, kikanyamaza miaka miwili. Ulitoka baada ya mvua za kwanza za vuli, zikinyesha siku mbili na ya tatu jua likichomoza, na ukichelewa mpaka saa nne umekuta funza wamekutangulia. Kofia yake ikifunguka vizuri ilijaa sahani. Katikati ya kofia kulikuwa na chuchu ngumu ya rangi ya kahawia, ncha hasa, ambayo ndiyo iliyotoboa udongo. Chini ya kofia kulikuwa na kurasa nyembamba nyeupe zilizobanana kama daftari jipya. Shina halikuwa na pete wala kifuko pale chini. Badala ya kuishia kwenye udongo, shina liliendelea kushuka, likawa mzizi, mweusi kwa nje na mweupe kwa ndani, ukipungua unene mpaka unakuwa kama uzi wa kufumia, urefu wa mkono wangu wote kuanzia begani. Mwisho wake ulikuwa ndani ya vyumba vya mchwa.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba mchwa ndio wakulima wake. Wanatafuna majani makavu na vijiti, wanatengeneza kitu kama sifongo, na uyoga unaota juu ya hiyo sifongo gizani. Ndiyo maana huwezi kuupanda kwenye mfuko. Bibi hakuwa amesoma hayo, lakini alikuwa na neno lake: "Kofia hudanganya, mzizi haujui uongo." Maana kuna uyoga mwingine mweupe unaopenda kuota karibukaribu na hapo, una kofia nzuri kuliko huu, na huo unalaza watu hospitali. Tafadhali usiende kuchuma kwa maneno yangu. Mimi mwenyewe, utaona sasa hivi, si wa kuaminiwa.

Mwaka ule dada yake bibi aliletwa kutoka Tabora kwa matibabu. Nilimwita bibi mkubwa. Alikuwa mrefu, amekonda mpaka pete yake ilikuwa imefungwa uzi isidondoke, na hospitali walikuwa wameshamaliza naye, yaani walimwambia mama maneno ambayo mama hakuyarudia mbele yangu. Treni yake ya kurudi ilikuwa imebakiza siku tatu. Tangu afike alikuwa akila uji vijiko viwili na kugeukia ukutani. Siku ile mvua ilipokatika akasema kitu kimoja tu, akiwa amelala kwenye mkeka: "Mdogo wangu, nina hamu ya uyoga wa kichuguu. Kule nyumbani mvua bado. Sidhani msimu utanikuta."

Asubuhi yake bibi alichukua panga na kikapu, akanishika bega, tukapanda porini. Mimi nilikuwa macho, yeye alikuwa vidole. Tulizunguka vichuguu vitano vitupu. Kwenye cha sita nikaona weupe. Bibi akapiga magoti, akachimba pembeni, taratibu, akishusha mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa mmoja mmoja na mzizi wake wote. Akaufukia kila mwanya. Mashina saba. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Leo dada atakula," akasema. Alisema mara tatu njiani.

Tulipofika akanipa kazi. "Toa mchanga tu. Mzizi usiuguse mpaka nije nipapase kila mmoja." Kisha akaingia ndani kumwosha dada yake.

Nilisikia. Nataka ujue kwamba nilisikia vizuri kabisa. Lakini nilipouweka ule uyoga kwenye sinia, ile mizizi ilikuwa michafu, imejikunja, ina udongo mwekundu na mchwa wawili watatu wanatembea. Sinia halikupendeza. Nikafikiria bibi mkubwa anavyogeukia ukutani, nikasema nikimpelekea kitu kizuri, kisafi, atafurahi. Nikachukua kisu. Nikakata mzizi wa kwanza ili kujaribu tu, na ulipokatwa mmoja ilibidi yote ilingane. Nikakwangua mashina yakawa meupe. Mizizi nikawatupia kuku. Nikapanga kofia sita kwa duara na moja katikati, na bado pembeni mwa sinia palikuwa na uwazi. Duara langu halikutimia.

Nyuma ya banda la mbuzi nilikuwa nimeona mingine miwili, myeupe, mizuri. Nikaenda nikaichuma. Nikaikwangua vilevile. Sasa duara lilikuwa limetimia, nane na moja katikati, na hata mimi niliyeikata sikuweza kusema ipi imetoka wapi.

Bibi alitoka, akakaa, akaingiza vidole kwenye sinia. Akapapasa mmoja, akapapasa wa pili. Vidole vikashuka kutafuta mzizi, vikagusa hewa.

"Mzizi uko wapi?"

"Nimekata, bibi. Ulikuwa mchafu."

"Nilikwambia nini?" Akapumua. "Basi. Niliuchimba kwa mkono wangu, naujua. Hujaongeza kitu?"

"Hapana, bibi."

Nilisema haraka, na kwa adabu. Akanyanyuka, akaanza kutwanga karanga. Huo mlio wa kinu mpaka leo nikiusikia naacha ninachofanya. Kila mchi ulipoanguka nilisema moyoni nitasema ukianguka tena. Ukaanguka tena. Harufu ya karanga ikatanda, na ndani nikamsikia bibi mkubwa anasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo wiki nzima, "Ninusisheni hizo karanga, jamani, nimerudi Tabora." Sufuria ikateremshwa karibu na mafiga. Bibi akanyoosha mkono kuchukua sinia.

"Nimeongeza miwili," nikasema.

Mkono ukasimama. "Ipi?"

"Sijui. Imefanana."

Bibi hakunipiga. Ningependa ningekuwa nakuandikia kwamba alinipiga. Alichukua sinia zima, akaenda nalo hadi chooni akipapasa ukuta, akaumwaga uyoga wote shimoni ili hata kuku wasiule. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, mikono tupu juu ya magoti, na machozi yakawa yanashuka kwenye yale macho yenye ukungu bila yeye kuyafuta. Kutoka ndani bibi mkubwa, ambaye alikuwa amesikia yote, akacheka kidogo, akasema, "Mwacheni mtoto. Afadhali nife na hamu kuliko kufa na usafi wake."

Nilidhani kicheko chake kidogo kile kingenipa nafuu. Hakikunipa.

Mtani aliingia wakati huohuo. Alikuwa amemwona bibi akimwaga sinia chooni, au alinusa karanga. Akasimama uwanjani, kiuno ameshika. "Ehe! Mnyamwezi kamwaga uyoga! Hivi leo jua limetokea wapi?" Bibi akamwambia kwa mkato kilichotokea. Mtani akanitazama, akamtazama bibi, kisha akainama akabeba bakuli la zile karanga zilizotwangwa, akaliweka kichwani. "Basi hizi ni yatima, hazina mwenzao. Nazichukua. Zikitakiwa, huyo mwenye kisu aje kwangu kesho alfajiri azikomboe." Akaondoka nazo, mabega yanacheza.

Mimi nilikasirika. Bibi akasema tu, "Ni mtani. Utakwenda."

Usiku ule mvua ilinyesha tena. Alfajiri nikashuka bondeni na panga la bibi, njia inateleza, kandambili mkononi. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba hata akinitukana mpaka saa sita mchana, sirudi bila zile karanga, na baada ya hapo naingia porini peke yangu na sirudi bila uyoga. Nilimkuta Mtani amekaa barazani kwake, bakuli pembeni limefunikwa kawa.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, fundi wa usafi. Umekuja na fidia gani?"

"Sina kitu."

"Una panga." Akanyanyua kidevu kuelekea shambani. "Kule mwisho wa mihogo yangu kuna kichuguu. Kila mvua hii ikija kinaniotea madude meupe, mie nayapiga teke kila mwaka. Leo mguu unaniuma. Kayang'oe, uyatoe yote shambani kwangu na mizizi yake, nisiyaone. Ukiacha mzizi hata mmoja, karanga nakula mwenyewe."

Nilikimbia. Mashina matano, ncha juu, kofia hazijafunguka sawasawa. Nikapiga magoti kwenye tope nikachimba kama nilivyomwona bibi anachimba, pembeni, taratibu, nikishusha mkono. Mchwa waliniuma mpaka kwenye kiwiko. Mzizi wa tatu ulikatika nusu, nikaanza kulia, nikajiambia nitalia baadaye, nikaendelea kuchimba nikiwa nimetoa ulimi. Niliitoa yote. Nikairudisha na matope yake, na udongo wake, na mchwa wake, jinsi ilivyotoka.

Mtani alitazama kikapu, akaziba pua, akanipa bakuli. "Nenda kawalishe wenzako sumu." Nilipofika njiani ndipo akapaza sauti, "Na mwambie bibi yako maji ya kunywa ya mgonjwa yachemshwe!" Nilikuwa mkubwa kabisa, nimeshamaliza shule, siku nilipowaza: mguu wa Mtani haukuwahi kuuma. Mwanamke huyo alijua uyoga ulipo, alijua pia kwamba bibi, aliyekuwa na kiburi chake, asingepokea msaada wa huruma mbele ya dada yake. Kwa hiyo akatuibia.

Bibi alipapasa mizizi mitano kuanzia juu mpaka chini. Ule uliokatika akaunusa, akaugusisha kwenye ulimi, akatafuta kwa kidole mahali ulipovunjika, kisha akautenga pembeni. "Huu sina hakika nao." Tulibaki na minne. Ikapikwa kwa karanga, kwa chumvi na maji tu. Harufu yake ni kama ya kuku wa kienyeji aliyechemshwa kwa moto mdogo, na ndani yake kuna kitu cha udongo baada ya mvua.

Bibi mkubwa akakalishwa, akaegemezwa mto. Akala matonge manne ya ugali wa mtama. Nilihesabu, nikiwa nimesimama mlangoni na matope mpaka kwapani. Kwenye tonge la nne akafumba macho, akatafuna muda mrefu, halafu akasema, "Chumvi kidogo."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mgonjwa gani huyu ana maneno!"

Keshoye mama alimpeleka stesheni. Bibi mkubwa alifariki Tabora kabla mvua za kule hazijashika.

Mengi ya pale hayapo tena. Pori la juu limekuwa nyumba zenye mageti ya chuma na maua yaliyokatwa mraba. Mtani alitangulia, na mazikoni bibi alitimiza haki ya utani: akaketi njiani mbele ya jeneza, akadai hawapiti mpaka marehemu amrudishie matusi yake yote. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Baada ya hapo bibi hakupika tena uyoga, alisema hauna ladha bila mtu wa kuutukana. Naye sasa ni miaka mitano hayupo. Vinu havisikiki, tunanunua karanga zilizosagwa. Watoto wa mtaa ule ukiwauliza mtani ni nini wanakwambia ni rafiki wa kwenye simu.

Shamba la mihogo liliuzwa. Lina ukuta, lina nyumba ambayo haijaisha, na kwenye kona ya nyuma kichuguu kimeachwa kwa sababu greda halikufika. Kila vuli naenda. Mlinzi wa pale, mzee mwembamba anayevaa koti hata kwenye joto, mara ya kwanza alinizuia. "We dada, humu umepoteza nini?" Nikamweleza kuhusu uyoga, akaniangalia kama mtu aliyetoroka hospitali. Mara ya pili aliniingiza lakini akanifuata nyuma. Mara ya tatu aliniambia mwenye nyumba analalamika mchwa wanakula fremu za milango, na anataka kumwaga dawa kiwanja kizima.

Nikaandika barua kwa mwenye nyumba. Wewe unanijua sasa, kwa hiyo utaelewa nikisema niliichapa mara saba. Nilimweleza uyoga huo ni nini, unaishi vipi, kwamba hauoti bila mchwa, kwamba aitie dawa nyumba yake lakini aniachie ile kona, hatua sita kwa sita. Ya saba ilikuwa na kosa la herufi kwenye mstari wa pili. Niliipeleka hivyohivyo. Hajajibu mpaka leo. Nitaandika nyingine, na asipojibu nitamsubiri getini siku atakayokuja kukagua ujenzi, pamoja na wasiwasi wangu wote.

Wiki iliyopita mvua ilipiga siku mbili. Ya tatu nikapanda Madale kabla ya kufungua duka. Kabla sijagonga, mlinzi akafungua geti.

"Bado haujatoka," akasema. "Nimeshaangalia. Lakini ingia."